Mheshimiwa, kikopo chako hiki hapa!

Jamaa yangu mmoja wa hapa Nduruma ana miguu ya dhahabu na mfuko uliotoboka. Jina lake silitaji, maana mama yake hununua gazeti hili. Ni la kufungia maandazi, lakini husoma kwanza. Kila siku ya Mungu, saa kumi na moja alfajiri, jamaa anatimua vumbi kandokando ya mashamba ya maua, anashika njia ya Mlangarini, anageuza, anarudi amelowa kama katoka mtoni. Juma lililopita tukiwa kijiweni akanivuta pembeni, akatumbukiza mkono mfukoni na kutoa kichupa cha kioo kilichoviringishwa kwenye soksi.

"Chalii wangu, wewe ndo umemaliza fomu foo. Hebu nisomee hiki Kizungu."

Nikasoma. Dawa ya sindano, ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Iwekwe kwenye friji. Nikamtazama bwana mwenyewe: figo zake nzima, na damu anayo ya kuwagawia mbu wa kata nzima. Kaipata wapi? Ati kuna mtu mjini kamkopesha. Achome, akimbie, akishinda alipe.

"Na usiposhinda?"

"Huko hatukufika."

Mimi si mchungaji wala si daktari. Nikampa stori ya mheshimiwa mmoja wa Kenya, nayo ndiyo nakupa wewe msomaji, maana tangu siku ile haijanitoka kichwani.

FUNDI BOMBA WA BOSTON

Mheshimiwa anaitwa Wesley Korir, mtu wa upande wa Kitale. Alikwenda Marekani kusoma kwa nguvu ya miguu yake, akaishia Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo la Kentucky, na alipomaliza akaajiriwa pale pale chuoni kama fundi wa matengenezo. Yaani kitu kikiharibika anaitwa yeye. Digrii mfukoni, spana mkononi. Wenzetu mnaosubiri kazi ya ofisini tangu mmemaliza shule, hapo naomba msome mara mbili.

Mwaka 2008 akaingia marathoni yake ya kwanza, Chicago. Kwenye kundi la mastaa hakuwemo, akaanzia nyuma na watu wa kawaida. Akamaliza wa nne! Mwaka 2009 na 2010 akachukua Los Angeles mara mbili mfululizo.

Halafu ikaja Boston, Aprili 2012. Siku hiyo jua liliwaka mpaka joto likagonga nyuzi 30, katika mji ambao watu huzoea kukimbia mwezi huo na glovu mkononi. Waandaaji wenyewe waliingiwa na woga, wakatangaza kwamba anayetaka aahirishe, nafasi yake atatunziwa mpaka mwaka 2013. Geoffrey Mutai, aliyekuwa ametimua mbio za ajabu pale pale mwaka mmoja kabla kwa saa 2:03:02, alishindwa njiani akatoka. Korir yeye aliwaacha vidume watangulie, akawa anakunywa maji na kujimwagia, anakunywa na kujimwagia, kama mtu anayemwagilia mchicha. Mwishoni akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Saa 2:12:40, bingwa wa Boston.

Kumbuka hilo joto. Tutalirudia.

Machi 2013 jamaa akagombea ubunge wa Cherangany kama mgombea binafsi, bila chama (kwetu hilo bado ni ndoto), akamwangusha mbunge aliyekuwepo, Joshua Kutuny. Huyo Kutuny alikuja kukichukua tena kiti chake mwaka 2017, lakini katika ile miaka minne na ushei katikati yalitokea mambo.

DAMU ZA WATU

Wakati Korir anajifunza kukaa kwenye kiti cha ngozi Nairobi, riadha ya nchi yake ilikuwa inaungua. Rita Jeptoo, malkia wa Boston na Chicago, alipimwa Septemba 2014 akakutwa na EPO. Mwisho wa kesi akafungiwa miaka minne. Wengine wakafuata, wadogo kwa wakubwa. Novemba 2015 wanariadha wakachoka, wakaenda kukalia makao makuu ya chama chao cha riadha jijini Nairobi, wakafunga mlango. Korir ndiye aliyekuwa akiongoza umoja wa wanariadha hao. Mbunge mzima, anagomea ofisi na tracksuti yake. Mwishoni mwa mwezi huo huo shirikisho la dunia likawasimamisha viongozi watatu wa chama.

Hapa nieleze EPO kidogo, maana kijiweni nilikuta watu wanadhani ni gongo la kizungu. EPO ni homoni ambayo figo zako mwenyewe hutengeneza. Kazi yake ni kuuamrisha uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli. Mgonjwa wa figo anachomwa ya kiwandani kwa sababu figo zake zimegoma. Mtu mzima akichomwa, chembe zinazidi, pumzi inaongezeka, anakimbia kama kafungiwa injini. Lakini damu nayo inakuwa nzito kama uji wa ulezi uliopoa. Inaweza kuganda kwenye mshipa, na moyo ndio unaoachiwa kazi ya kuisukuma. Mtu anaweza kulala akiwa bingwa asiamke.

Kinachochekesha ni kwamba anayeishi na kufanya mazoezi juu mlimani, ambako hewa ni nyepesi, mwili wake unaongeza EPO wenyewe, bila sindano. Ndiyo maana wakimbiaji wa dunia nzima wanapanda ndege kuja Iten, na wetu wanajazana Arusha. Jamaa yangu akipandisha tu kuelekea Mlima Meru anachomwa bure, tena halali, halafu anakopa kichupa!

Turudi bungeni. Shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA, liliikaba Kenya koo: leteni sheria, la sivyo mtaona. Tarehe ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Michezo ya Olimpiki ya Rio ilikuwa Agosti 2016, na watu walianza kusema waziwazi kwamba Kenya itabaki nyumbani. Fikiria Olimpiki bila Kenya kwenye mbio ndefu. Ni sawa na pilau bila nyama.

Korir alikuwa miongoni mwa walioisukuma ile sheria. Sasa angalia kalenda, msomaji. Jumatatu ya tarehe 18 Aprili 2016, mheshimiwa yuko Boston tena, anakimbia, anamaliza wa nne nyuma ya Waethiopia watatu. Ijumaa ya tarehe 22 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta anatia saini Sheria ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni. Kwa sheria hiyo anayehusika na biashara hiyo Kenya, awe kocha, daktari au wakala, haishii kufungiwa mbio tu. Anakwenda kwa hakimu.

Halafu mheshimiwa akateuliwa kwenye timu ya marathoni ya Rio pamoja na Eliud Kipchoge na Stanley Biwott.

Hapo ndipo ninapoipenda stori hii. Mara ngapi umemwona mtunga sheria ambaye sheria yake inamwandama yeye mwenyewe mpaka chooni? Kwa mwanariadha wa kiwango kile si mchezo. Aliye kwenye orodha ya kupimwa anatakiwa aseme kila siku ya mwaka yuko wapi, na ataje saa moja ambayo mpimaji akigonga hodi lazima amkute. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa kama la aliyetumia. Akikutwa anafuatwa nyuma mguu kwa mguu, anachagua kikopo mwenyewe, anakojoa huku mtu mwingine amekodoa macho. Si ukutani, hapo hapo! Mkojo unagawanywa chupa mbili, A na B, zinapigwa lakiri. Mheshimiwa kikopo, Profesa kikopo, mtoto wa mkulima kikopo. Nchi zetu zingekuwa na vikopo vya namna hiyo kwa mambo mengine, mh, niishie hapo.

Ila usidhani mambo yalinyooka. Mei 12 WADA wakakaa kikao Montreal, Kanada, wakaisoma sheria ya Kenya wakasema haijakidhi. Wamepeleka karatasi, wamerudishiwa ina wino mwekundu! Bunge likafanya mtihani wa marudio, Juni marekebisho yakasainiwa, Agosti wakasafishwa, timu ikapanda ndege.

IJUMAA YA PILI

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanaishia hapo. Mimi nilikutana na kitu kingine nilipokuwa nahesabu tarehe. Wiki mbili kamili baada ya ile Ijumaa, yaani Ijumaa ya tarehe 6 Mei 2016, Rais yule yule alisaini sheria nyingine kutoka Bunge lile lile: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi.

Hii haikuwa ya mkimbiaji. Aliyeibeba ni Dakta Wilber Ottichilo, mbunge wa Emuhaya, mtu wa sayansi. Kabla ya siasa alikuwa akihesabu wanyama wa Masai Mara, ng'ambo tu ya Serengeti yetu, na katika utafiti wake wa udaktari alionyesha kwamba wanyama wasiohama wa kule walipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kama 20, kuanzia mwaka 1977. Mtu aliyeona namba za namna hiyo hawezi kukaa bungeni anapiga miayo.

Mara ya kwanza mswada wake ulipitishwa na Bunge lililotangulia, Rais Mwai Kibaki akakataa kuusaini, ati wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Wengine wangesusa. Yeye akarudi baada ya uchaguzi, mwaka 2014 akauingiza upya. Nao ukapita, na Kenya ikawa kati ya nchi za mwanzo Afrika kuwa na sheria yake maalumu ya jambo hilo: baraza linaloongozwa na Rais mwenyewe, mfuko wa fedha, na wajibu mpaka ngazi ya kaunti. Mwaka 2023 wakaifanyia marekebisho ili kuweka taratibu za biashara ya kaboni. Sisi Tanzania sheria yetu ya usimamizi wa mazingira ni ya mwaka 2004, na tabianchi imo humo ndani kama mgeni aliyepewa chumba cha uani, pamoja na kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022.

Jamaa yangu hapo akanikatiza. "We nawe, mimi nakuuliza kichupa, unaniletea mvua."

Nikamwambia subiri.

Mto Nduruma unateremka kutoka Mlima Meru. Juu kuna wenye migomba, katikati mashamba makubwa, na chini huku tumo sisi wa mahindi, nyanya na maharage, tunaosubiri maji ya mfereji. Maji yakiwa mengi hakuna anayemjua jirani yake. Yakipungua ndipo utasikia habari za zamu, na zamu ya mnyonge huangukia usiku. Ulikuwepo mwaka 2021 kuingia 2022? Ng'ombe walikuwa wanaanguka Simanjiro na Longido kama miti, na huku mfereji ulikuwa njia ya mijusi. Mvua ya vuli siku hizi ni kama mchumba wa mjini, anaahidi Oktoba anatokea akitaka.

Sasa jamaa yangu ana mama, ana wadogo zake, ana ekari moja na nusu. Zamu yake ya maji inaanza saa mbili usiku. Anakesha na jembe na tochi, anafungua hapa anaziba pale, na anamlinda asije mtu wa juu akayageuza. Saa kumi na moja alfajiri anavaa raba. Miguu haina usingizi. Mazoezi yanakuwa mabovu, wenzake wenye kambi na posho wanamwacha, halafu siku hiyo hiyo mtu wa mjini anatokea na kichupa.

Unaona basi? Nairobi zilikuwa sheria mbili, za wabunge wawili, Ijumaa mbili tofauti. Nduruma zote zimemwangukia mtu mmoja.

DOHA, USIKU WA MANANE

Na si Nduruma tu. Septemba 2019 mashindano ya dunia yalifanyika Doha, Qatar. Marathoni ya wanawake ilianzishwa saa 5:59 usiku ili kulikimbia jua. Haikusaidia, joto lilizidi nyuzi 30 hata gizani, na hewa ilikuwa nzito kama ya bafuni. Walianza wanawake 68, na 28 hawakumaliza. Walikuwa wanabebwa kwenye viti vya magurudumu. Mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich, kwa saa 2:32:43. Olimpiki ya Tokyo nayo, iliyofanyika 2021, marathoni ilihamishiwa Sapporo kaskazini kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

Ruth Chepngetich huyo huyo ndiye aliyekimbia Chicago Oktoba 2024 kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2:10. Dunia ikasimama. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Kwenye mkojo wake ilikutwa dawa ya presha ambayo wajanja huitumia kufukuza maji mwilini na kuficha mengine, na kosa alilikubali. Miaka tisa baada ya sheria! Na katikati hapo, mwaka 2022, Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa nchi nzima, serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na balaa hilo.

Kwa hiyo sheria ya kina Korir ilishindwa? Sioni hivyo. Bila ile sheria na vile vikopo wengi wangeendelea kuzawadiwa magari. Lakini hakimu hawezi kumrudishia mtu usingizi wake, wala mfereji.

Jamaa alikuwa ametulia sasa, anachora chini kwa kijiti.

"Huyo mheshimiwa, pale Rio alikuwa wa ngapi?"

"Hakumaliza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe!"

"Hakumaliza. Biwott naye hakumaliza. Kipchoge akachukua dhahabu. Na unajua nani alikuwa wa tano siku ile?"

Alikuwa anajua. Kila mtoto anayekimbia Arusha anajua. Alphonce Simbu, mtu wa Singida anayefanya mazoezi hapa hapa kwetu, alikuwa wa tano Rio, shaba London mwaka 2017, wa saba kule Sapporo. Hakuruka hatua. Septemba 15, 2025, Tokyo, joto na unyevunyevu wa kukatisha tamaa, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia mstarini pamoja, wote saa 2:09:48. Ikabidi picha iamue, tofauti ikawa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha! Asubuhi ile kijiwe chetu kilivunja benchi, na mwenye benchi hajalipwa mpaka leo.

"Simbu anakesha kwenye mfereji?" jamaa akaniuliza.

Sikuwa na jibu la kumpa. Simbu ni mwanajeshi, ana mshahara na kitanda.

Akanyanyuka, akakiviringisha kichupa kwenye soksi, akakirudisha mfukoni. Saa mbili ilikuwa inakaribia. Akachukua jembe lake lililoegemea ukutani mwa duka, tochi akaitia kwapani, akashika njia ya mfereji.

Juzi nimemkuta anatoka mazoezini, nikamwuliza kile kitu kiko wapi. Kasema bado kipo, chini ya godoro, chumba cha bati. Nikamkumbusha maandishi yalivyosema: friji.

"Friji nitoe wapi?" akasema, akaendelea na mbio zake.

Jua la hapa limeshakipika siku tisa.